Mwalimu Aliyekataa Kukaa

Kiti cha Mwalimu wa Baiolojia hakikuchakaa. Viti vya walimu wenzake vilikuwa vimepasuka, vingine vimeegemezwa ukutani kwa kukosa mguu, lakini cha kwake kilibaki na rangi ya siku kilipoletwa, kwa sababu hakukikalia. Alikiwekea koti na madaftari. Alifundisha amesimama, alisahihisha amesimama, hata chai ya mapumziko aliinywa amesimama mlangoni, mkono mmoja una kikombe, wa pili umeshika fremu. Na huyo huyo magoti yake yalikuwa mabovu kuliko ya mzee yeyote pale Kondoa. Akipanda ngazi za ofisi, ulisikia magoti kabla ya viatu.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ukoo wake. Sivijui vizuri, na wanaodai kuvijua wanabishana. Kwanza alikuwa mwalimu wangu, halafu akawa jirani yangu kwa miaka mingi, maana nilipofeli kidato cha nne nilifungua duka la vifaa vya ujenzi mtaani kwake. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, kila mwenye mlango wa barabarani alifungua duka, mitumba ikamwagwa chini mpaka njia ikakosekana. Mimi nikauza misumari, mabati na mbao. Nauza mpaka leo. Lakini niulize seli ya gegedu inavyotengeneza kolajeni, nitakueleza mpaka uchoke. Mke wangu alishachoka zamani.

Gegedu, kwa asiyejua, ni kile kitu cheupe kinachoteleza kwenye ncha ya mfupa, ukikitafuna kinalia kwenye meno. Katika mtihani haikuwa na uzito wowote. Mistari michache tu kitabuni, basi. Mwalimu aliifundisha wiki nzima. Alianza kwa Kiingereza kama sheria ya shule ilivyotaka, na kabla ubao haujajaa alikuwa ameshahamia Kiswahili, akifunga mlango ili mkuu wa shule asisikie.

"Seli hii ni fundi wa kamba," alisema. "Kamba yake inaitwa kolajeni. Na leo mtaisuka, kwa sababu nyinyi kichwa chenu hakishiki kitu mpaka mkono ushike kwanza."

Alikuwa ameleta mzigo wa katani. Darasa likawa seli. Meza yake ikawa kiini, na juu yake kitabu kimoja ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukitoa. Mwanafunzi mmoja alinakili maagizo na kuyapeleka nyuma kwa wasukaji. Wasukaji walikaa watatu watatu, kila mmoja na uzi wake, na nyuzi zote tatu zilikuwa za aina moja, maana ndivyo kolajeni ya gegedu ilivyo. Kila nafasi ya tatu kwenye uzi, alisema, huwekwa kile kiungo kidogo kuliko vyote, kwa sababu katikati ya msokoto hakuna nafasi ya kitu kikubwa. Ukikosea hapo, kamba nzima inalegea.

Kabla ya kusokota alipitisha mfuko wa ubuyu, kila mtu amumunye. Tulidhani anatubembeleza. Kumbe ni somo: ndani ya ubuyu kuna vitamini C, na bila hiyo nyuzi hazipati viungo vyake vidogo vya kuzishikilia, zinafumuka kwa joto la mwili tu. "Ndiyo maana mabaharia wa zamani walikuwa wanang'oka meno," alisema, "na Mgogo kwenye njaa yake meno yapo."

Nyuzi zikaunganishwa kwanza kwa fundo mkiani, zipate kuanza pamoja, halafu zikasokotwa kuelekea kichwani, na kichwani napo fundo. Mafundo hayo yalikuwa vitambaa vya mitumba. Kila kamba iliyokamilika ilipelekwa kwa mfungaji karibu na mlango, ikatiwa kwenye mfuko, mfuko ukatolewa nje. Nje ya mlango, jueni hapo, alisimama mtu mwenye wembe. Kazi yake kukata mafundo. Kamba isiyo na fundo ndiyo inayoweza kulala na wenzake, ubavu kwa ubavu, zikafungwa pamoja zikawa mkeka mgumu wa kubeba uzito wa mtu.

Mwenye wembe alikuwa mimi. Na jua la Kondoa saa ile lilikuwa linachoma utosi. Nikajiambia, fundo ni fundo, likatwe nje likatwe ndani. Nikaingia kivulini, nikakatia ndani. Wenzangu wakaona kamba ziko tayari, wakaanza kuzilaza na kuzifunga pale pale, kutoka dawati hadi dawati. Mwalimu alikuwa ametoka. Aliporudi mlango haufunguki. Mkeka umeuziba, nusu ya darasa imefungiwa miguu, mmoja analia kwamba anataka kwenda chooni.

Mwalimu alicheka mpaka akashika ukuta. "Enhe! Sasa mmeelewa kwa nini fundo linakatwa nje? Seli ikikata ndani, inajifunga yenyewe." Tangu siku hiyo jina langu kwake likawa Mkata Fundo, mpaka mbele ya wakwe zangu.

Halafu akaacha kucheka, akasema jambo ambalo wakati ule nililisikia kama maneno ya darasani tu. Hata seli inayofanya kila kitu sawasawa, alisema, mwishowe inajifunga. Inatoa kamba nje, inatoa tena, mpaka kamba zinaizunguka pande zote, inabaki kwenye kichumba kidogo peke yake. Mishipa ya damu haifiki humo. Ndiyo sababu gegedu ikiharibika haiponi kama kidonda cha ngozi. Fundi yupo, yu hai, lakini hakuna barabara ya kumpelekea vifaa.

"Sasa anakula nini?" aliuliza msichana mmoja wa mbele.

"Swali zuri. Anakula ukitembea. Ukikanyaga, maji yanakamuliwa kutoka kwenye gegedu. Ukiinua mguu, yanarudi na chakula kidogo. Ukikaa, fundi ana njaa."

Hapo ndipo ulikuwa ukaidi wake wote. Goti la kulia aliliumiza kwenye mpira ujanani, la kushoto likachoka kwa kulibebea mwenzake. Daktari wa Dodoma alimwambia gegedu imekwisha, mfupa unasaga mfupa, apunguze kusimama. Yeye akarudi na basi la Dodoma, safari nzima amesimama, eti anamlisha fundi. Walimu wenzake walimwambia, jamani, daktari kasema upumzike. Akajibu kwamba daktari anajua dawa, yeye anajua seli. Msikitini alisali chini kama wengine, na kunyanyuka kwake kutoka kwenye sijida kulituumiza sisi tuliokuwa safu ya nyuma. Walimletea kiti. Akamkalisha juu yake mzee mwingine.

Msidhani alikuwa malaika. Kitabu chake hakumwazima mtu. Chaki aliitumia mpaka ikawa kama punje ya mtama, ukimwomba mpya anakutazama kama umemwomba figo. Alitukemea kuhusu sukari na yeye chai yake kijiko kilisimama. Aligombana na wapiga debe wa stendi kila wiki, akiwaambia kelele zao zinaharibu masikio ya watoto, nao wakimwona wanapiga kelele zaidi. Wenzake walipoanza tuisheni za jioni yeye aliwasema vibaya, kisha akawa anamfundisha bure yeyote aliyesimama kwenye ua wake, mradi asimame. Ukiomba kigoda, somo limekwisha.

Mara moja tu kwa wiki nilimwona amekaa. Ijumaa, akitoka msikitini, mkewe alimwekea supu ya kongoro. Huyo mkewe mtaa mzima ulimwita Mama Mwalimu. Mwanamke mfupi, mcheshi, sauti yake ilifika dukani kwangu bila shida. Alikuwa anachemsha kwato za ng'ombe tangu alfajiri, mpaka zinaachia, mpaka mchuzi unashika midomo. Aliileta inachemka, kwenye bakuli la udongo, na mumewe alikaa kwenye mkeka kibarazani, miguu imenyooshwa, akainywa taratibu kijiko kwa kijiko.

Hapo mimi nilichanganyikiwa. Darasani alishatuambia bila kuuma maneno kwamba supu ya kongoro haijengi goti la mtu. Ni kolajeni kweli, ndiyo maana ikipoa inaganda. Lakini tumbo linaivunja vipande vipande, na vipande havina anwani. Na bado kila Ijumaa mtu huyo huyo aliramba bakuli.

Siku moja nilipeleka mabati ya kuziba paa lao, nikapanda juu kuyapigilia. Mama Mwalimu alikuwa anahangaika na ndoo ya maji, mumewe alitaka kumpokea, goti likakataa. Mama akacheka.

"Na mimi nikifa, nitabebwa na nani? Huyu hata ndoo haifikishi jikoni!"

Yalikuwa masihara ya kawaida ya nyumba yao. Lakini Mwalimu hakucheka. "Nitakubeba mwenyewe," alisema. "Bega la mbele, kutoka msikitini mpaka kaburini."

"Haya, shahidi huyu hapa juu ya paa. Mkata Fundo, umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Kwetu, kwa wasiojua, jeneza ni la kugombewa. Wanaume hupokezana, kila mmoja anataka bega lake lifike chini hata kwa hatua chache, kwa ajili ya thawabu. Na jeneza huenda haraka, maiti hacheleweshwi. Mzima mwenyewe hutoka jasho. Mtu wa magoti kama yale huambiwa afuate nyuma, na hakuna anayemlaumu.

Mama Mwalimu alianza kuugua mwaka uliofuata. Alikonda haraka. Walikwenda Dodoma, wakarudi, wakaenda tena, na mara ya mwisho waliporudi Mwalimu hakuniambia daktari kasema nini. Alikuja dukani asubuhi tu nimefungua.

"Mkata Fundo, niazime mbao."

"Ya futi ngapi, Mwalimu?"

"Ndefu. Nzito."

Nikamtolea. Akaiweka begani, akaondoka nayo kuelekea makaburini. Nilisimama mlangoni nikamtazama mpaka akashuka korongoni. Alirudi jua limeshapanda, shati limelowa, akaiegemeza ukutani. Kesho yake akaja tena. Na keshokutwa. Watu wakaanza kusema Mwalimu kachanganyikiwa, anatembeza ubao kama mbuzi. Wapiga debe, wale wale maadui zake, walimpigia makofi akipita. Baadaye mmoja wao akaelewa, sijui nani alimwambia, na tangu siku hiyo Mwalimu akipita stendi na mbao yake walinyamaza.

Hakuwahi kufika makaburini. Hilo alinificha, lakini njia naijua, na muda naujua. Aliishia korongoni, kwenye mchanga, halafu anageuka.

Nilipokwenda kumjulia hali Mama Mwalimu, aliniita karibu na kitanda.

"Mume wangu anakwenda wapi na ubao kila siku?"

"Anajenga banda la kuku, Mama."

"Muongo wewe," alisema, na macho yake yakajaa machozi. "Mwambie aache. Nilikuwa natania."

Nilimwambia. Mwalimu akajibu, "Yeye alitania. Mimi sikutania."

Mama Mwalimu alifariki siku ya Jumanne, baada ya adhuhuri. Alizikwa siku hiyo hiyo alasiri. Baada ya kumswalia, wanaume walipoinama kwenye jeneza, Mwalimu alikuwa ameshaingiza bega lake mbele, upande wa kulia. Shemeji yake akamgusa. "Shemeji, tuachie sisi. Vijana tupo."

"Niache."

Likawa tatizo, maana yeye alikuwa amejikunja na wenzake ni warefu, jeneza likalala upande. Watu wakatazamana. Ndipo yule mrefu wa mbele, kijana wa stendi, mpiga debe, akashusha upande wake kutoka begani, akaushika kwa mikono usawa wa kifua. Wa nyuma nao wakashusha. Jeneza likakaa sawa. Shekhe akasema kwa sauti, wote wasikie, "Leo tunakwenda mwendo wa Mwalimu." Na msafara mzima, watu waliozoea kukimbia na jeneza, ukaenda kama unamsindikiza bibi harusi. Hakuna aliyemgusa bega kumpokea. Wengine watatu walipokezana, yeye hapana.

Alivuka stendi. Alivuka mashine ya kusaga. Nilikuwa nyuma yake kabisa na nilisikia magoti yale yanavyosaga, na nilikuwa namwomba Mungu kwa sauti, sioni aibu kusema, nilikuwa namwomba ampe yule mtu gegedu ya siku moja tu.

Korongoni, kwenye mchanga, goti la kulia lilikataa. Hakuanguka. Alisimama tu, na msafara wote ukasimama. Alijaribu kuunyanyua mguu, ukagoma. Akajaribu tena. Jua lilikuwa linashuka, na sisi sote tulikuwa tayari kungoja, naapa, tungengoja mpaka magharibi. Ni yeye aliyesema.

"Nipokeeni. Nendeni naye."

"Tutakungoja, Mwalimu," alisema yule mpiga debe.

"Maiti hangojwi, mwanangu. Nendeni."

Nikamshika mimi, bega likaingizwa lingine, jeneza likapanda juu ya mabega, likapanda ukingo wa korongo kwa ule mwendo wake wa siku zote, haraka, likapotea. Mwalimu alibaki amesimama. Nilimwonyesha jiwe la kukalia, akatikisa kichwa. Tulisikia sauti za nyiradi zikififia, kisha kimya, kisha chepe.

"Wameshamshusha," alisema.

"Bado kidogo, Mwalimu."

"Wameshamshusha. Hiyo ni sauti ya udongo."

Akalia akiwa amesimama. Sikujua nimshike wapi. Nimeuza vitu vizito maisha yangu yote na sijawahi kushika kitu kizito kama mkono wa yule mtu siku ile.

Baada ya hapo alistaafu, au alistaafishwa, kwa maana walikuwa wanapunguza watu. Shule ikapata mwalimu kijana. Mtaani tukawa tunamwona mara chache. Hakuja tena kuazima mbao. Ijumaa kibaraza chake kilikuwa kitupu, na mke wangu ndiye aliyesema, "Wewe unampita kila siku hapo, hivi huyo mzee anakula nini?"

Ijumaa moja mke wangu akachemsha kongoro, nikampelekea. Nilimkuta amesimama dirishani, mikono yote miwili kwenye kizingiti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mkata Fundo. Umebeba nini?"

"Supu. Kongoro."

Alitazama bakuli. Kisha, taratibu, kwa kushika ukuta, akashuka mpaka kwenye mkeka, akanyoosha miguu. Mimi nilibaki mlangoni, funguo za duka mkononi, nimeacha wateja. Akaonja.

"Chumvi imezidi."

"Nitamwambia."

"Usimwambie. Mwambie ni nzuri."

Akanywa kidogo. Mdomo wangu haujawahi kuwa na breki, nikamuuliza. "Mwalimu, si ulitufundisha kwamba hii haisaidii goti?"

"Haisaidii."

"Sasa miaka yote ile ulikuwa unakunywa ya nini?"

"Nilikuwa nakunywa kwa ajili yake. Mtu kaamka alfajiri kukuchemshia kwato, anaamini kabisa kwamba utapona. Utamwambia nini? Nikawa namdanganya. Kila Ijumaa nasema, leo goti afadhali." Alikoroga supu bila kuinywa. "Siku zake za mwisho dhamiri ikanisuta. Nikamwambia, mke wangu, nisamehe, ile supu haikunijenga kitu. Alicheka, yule, na alivyokuwa hoi. Akasema, 'Mwalimu, umenisomea habari za gegedu tangu tulipooana, unadhani nilikuwa sisikii? Nilijua haijengi. Lakini supu ya moto mtu hainywi amesimama. Nilikuwa nakukalisha.'"

Nje, basi la Babati lilipiga honi, na wapiga debe wakaanza kuita.

"Ndiyo maana aliileta inachemka," alisema. "Ili nichelewe kuinuka. Na mimi nilikuwa namlaumu kimoyomoyo kwamba ananiunguza."

Nilitaka kuaga.

"Kaa, Mkata Fundo," alisema. "Bado ya moto."

Nikavua viatu, nikakaa. Tulikaa hapo mpaka supu ikapoa na kuanza kuganda kwenye bakuli, na Mwalimu hakusimama.